Alipigiwa muhuri wa mtalii: kisa cha mtafiti mgeni wa J-1 na siku zake thelathini

Kisa hiki kinamhusu mhadhiri kutoka Afrika Mashariki aliyekwenda kufanya utafiti wa mwaka mmoja katika chuo kikuu cha umma, eneo la Kati-Magharibi mwa Marekani, mwaka 2024. Jina, fani, chuo na jimbo vimeondolewa, na vijambo vilivyoweza kumtambulisha vimebadilishwa. Tarehe zimeachwa, maana bila tarehe kisa chenyewe hakieleweki: ni hesabu ya siku tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa tutamwita Dkt. N.

Usuli

Dkt. N. alialikwa na profesa mwenye maabara. Chuo kilimwombea nafasi ya J-1, viza ya Marekani ya wageni wa programu za kubadilishana, katika kundi la watafiti, ambalo mtu anaweza kukaa hadi miaka 5. (Kundi la wasomi wa muda mfupi lina kikomo cha miezi 6 na haliongezwi, kwa hiyo mwenye mpango wa mwaka mmoja asikubali kuwekwa huko hata kama karatasi zake zitatoka upesi zaidi.) Fomu yake ya DS-2019, ambayo chuo humpa mgeni kuthibitisha programu yake, ilionyesha mwanzo wa programu tarehe 15 Agosti 2024 na mwisho tarehe 14 Agosti 2025.

Alilipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kumbukumbu za wageni wa masomo na utafiti) dola 220 na ada ya viza dola 185, akahojiwa ubalozini, akasubiri. Pasipoti ilirudi tarehe 20 Agosti, siku tano baada ya programu yake kuanza kwenye karatasi. Ndani ya pasipoti hiyo kulikuwa na viza mbili zilizo hai: ya J-1, mbichi kabisa, na ya B1/B2, yaani ya biashara na utalii, aliyopewa zamani alipokwenda kwenye mkutano wa kitaaluma. Kuwa na viza mbili si kosa. Ila ziweke akilini, maana ndizo zilizozaa kisa hiki.

Alimwandikia profesa kwamba amechelewa na atafika tarehe 29. Profesa akamjibu kwa furaha: karibu, hakuna tatizo. Hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda, kwa sababu profesa hana mamlaka yoyote juu ya tarehe hiyo. Mdhamini wa mgeni wa J-1 ni chuo, na chuo husema kupitia ofisi ya wageni wa kimataifa, yenye maofisa wachache walioidhinishwa kugusa kumbukumbu za SEVIS. Mgeni anaruhusiwa kuingia Marekani hadi siku 30 kabla ya tarehe ya mwanzo iliyoandikwa kwenye DS-2019. Akitaka kuingia baada ya tarehe hiyo, ofisi ndiyo inayopaswa kujua kwanza, ili ama isogeze tarehe ama impe barua ya kuonyesha mpakani. Ofisi haikuambiwa na yeyote.

Kuna saa nyingine inayotembea kimyakimya. Chuo kina siku 30 tangu tarehe ya mwanzo wa programu kuthibitisha kwenye SEVIS kwamba mgeni amefika na anaishi mahali fulani. Siku hizo zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye fomu, hata kama mgeni bado yuko kwao akisubiri ndege. Zikipita bila uthibitisho, mfumo wenyewe huigeuza kumbukumbu kuwa batili, na chuo hakiwezi kuifufua kwa kubofya kitufe. Maombi yanapaswa kwenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Kwa Dkt. N., siku ya 30 iliangukia tarehe 14 Septemba, Jumamosi. Siku ya mwisho ya kazi ilikuwa Ijumaa tarehe 13. Alitua akiwa amekwisha kutumia siku 14 kati ya hizo 30.

Mfuatano wa matukio

*Alhamisi, 29 Agosti.* Foleni ya ukaguzi wa pasipoti ilikuwa ndefu. DS-2019 ilikuwa kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya jalada la plastiki pamoja na barua ya mwaliko, risiti ya SEVIS na vyeti. Alipofika dirishani alitoa pasipoti peke yake. Ofisa wa forodha na ulinzi wa mipaka, CBP, akamuuliza kilichomleta. Akajibu kwa Kiingereza kizuri kwamba anatembelea chuo kikuu fulani. Hakukosea: cheo kwenye barua yake kwa Kiingereza ni msomi anayetembelea. Lakini sikio la ofisa aliyekaa dirishani tangu asubuhi hulishika hilo neno la kutembelea, na kwake kutembelea ni B. Mashine iliposoma pasipoti, viza ya B1/B2 nayo ilikuwemo. Akaulizwa anafanya kazi gani kwao na atafikia wapi. Hakuulizwa atakaa muda gani. Alama za vidole, picha, muhuri.

Kwenye muhuri ule ofisa aliandika kwa kalamu vitu viwili: juu "B-2", chini "FEB 28 2025". Mgeni wa J-1 hutakiwa kuandikiwa "J-1" na "D/S", yaani hana tarehe maalumu ya kutoka bali anakaa muda wote programu yake inapoendelea. Dkt. N. alifunga pasipoti bila kuisoma na kwenda kusubiri mizigo.

*Ijumaa 30 Agosti hadi Jumatatu 2 Septemba.* Jumatatu ya kwanza ya Septemba ni sikukuu ya wafanyakazi Marekani, na chuo kilikuwa kimetulia tangu Ijumaa mchana. Siku nne zikaenda kwenye laini ya simu, shuka, mchele na kutafuta basi linalopita karibu na maabara.

*Jumanne, 3 Septemba.* Profesa alimpokea vizuri, akampa meza na kumtembeza. Dkt. N. aliamini kwamba huko ndiko kuripoti. Jumatano hadi Ijumaa alifanya mafunzo ya usalama wa kemikali, usalama wa kibaiolojia na utupaji wa taka za maabara, na kuwatazama wenzake wakifanya kazi.

Wakati huo ofisi ya wageni wa kimataifa ilikuwa imemtumia barua pepe tatu za kumtaka aripoti kwenye mfumo wake wa mtandaoni. Zote zilikwenda kwenye anwani ya chuo cha nyumbani, aliyoitumia miezi sita nyuma kwenye maombi. Kisanduku kile kilikuwa kimejaa. Zote tatu zilirudi, na hakuna aliyekuwa na mazoea ya kusoma barua zilizorudi.

*Jumatatu, 9 Septemba, saa nne asubuhi.* Siku hii ndiyo mshahara wake ulipangwa kuanza, na idara ya utumishi ilimwita kujaza I-9, fomu ambayo kila mwajiri wa Marekani hutumia kuthibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi. Mfanyakazi hujaza sehemu yake kufikia siku ya kwanza ya kazi ya malipo. Mwajiri hukagua nyaraka ndani ya siku 3 za kazi. Kwa mtu wa J-1 nyaraka hizo ni pasipoti, rekodi ya I-94 (kumbukumbu ya kuingia nchini) na DS-2019.

Karani alifungua tovuti ya I-94, i94.cbp.dhs.gov, ambayo ni ya serikali na haina malipo. Mara ya kwanza hakupata kitu. Tatizo hilo linawapata sana watu wetu wenye majina matatu: pasipoti huweka jina moja kwenye ukoo na mawili kwenye majina ya kupewa, na mtu akiingiza jina la kwanza tu, mfumo humkana. Mara ya pili karani aliandika majina mawili pamoja kwenye nafasi ya jina la kwanza, rekodi ikatokea. Aina ya kuingia: B2. Kuruhusiwa hadi: 02/28/2025.

Karani akaondoa mkono kwenye kibodi na kupiga simu ofisi ya wageni wa kimataifa. Saa tano Dkt. N. alikuwa ameketi mbele ya mshauri, pasipoti ikiwa wazi kwenye ukurasa ule wa muhuri. Zilibaki siku tano za kazi, hiyo ya Jumatatu ikiwemo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulichukua dakika moja: asirudi maabara mpaka rekodi irekebishwe, na asilipwe. Viza ya J-1 iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ruhusa ya kubisha hodi tu; hadhi ya mtu akiwa ndani ya nchi ni ile iliyoandikwa alipoingia. Kwa mujibu wa kumbukumbu ya siku ile, Dkt. N. alikuwa mtalii mwenye meza ya kazi. Profesa alilalamika kidogo, kisha akaelewa alipoambiwa kwamba kumlipa mtu wa B-2 ni kosa la chuo pia.

Uamuzi wa pili ulikuwa njia ya kurekebisha, na hapa kulikuwa na mawazo mengi. Jamaa mmoja wa kutoka nyumbani, mkazi wa siku nyingi, alikuwa amemshauri kwa simu: "Dada, vuka Canada Jumamosi, urudi Jumapili, uwaonyeshe ile ya J-1. Kwisha kazi." Ushauri huo si upuuzi, viza ya J-1 ilikuwa hai na kuingia upya kungempa rekodi mpya. Lakini hakuwa na viza ya Canada, na hata angekuwa nayo, Jumapili ingekuwa tarehe 15, siku moja baada ya SEVIS kumfunga. Angerudi mpakani na DS-2019 ambayo kumbukumbu yake imekwisha kuwa batili.

Njia nyingine ilikuwa fomu I-539 ya kubadilisha hadhi akiwa ndani ya nchi, kwa dola 420 mtandaoni. Hiyo huchukua miezi, na wakati wote huo asingegusa kazi. Tena kuijaza ni kama kukiri kwamba aliingia kweli kama mtalii na sasa amebadili nia, jambo ambalo halikuwa kweli.

Iliyochaguliwa ni kwenda kwenye ofisi ya CBP inayorekebisha makosa ya kumbukumbu za kuingia. Ofisi hizi huwa kwenye viwanja vya ndege vikubwa na bandari; huduma ni bure; baadhi hupokea maombi kwa barua pepe na nyingine hutaka mtu afike mwenyewe kwa miadi. Ya karibu ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari. Jumanne ilipigiwa simu, miadi ikapatikana Jumatano saa tatu asubuhi.

Uamuzi wa tatu ndio uliobishaniwa kuliko yote. Mshauri mmoja alitaka tarehe ya mwanzo wa programu isogezwe mbele kwenye SEVIS hadi tarehe 16 Septemba, kwa kuwa kumbukumbu ilikuwa bado haijathibitishwa na hilo lilikuwa likiwezekana. Wangepata siku 30 mpya na kulala usingizi. Mkuu wake alikataa, na sababu yake ni nzuri: tarehe ikisogezwa, siku tatu za maabara, tarehe 4 hadi 6 Septemba, zitakuwa nje ya programu. Zikibaki chini ya tarehe ya zamani, na I-94 ikirekebishwa kuwa J-1 tangu 29 Agosti, mafunzo yale yanakaa mahali pake halali. Wakakubaliana hivi: tarehe isiguswe hadi Ijumaa saa sita mchana. I-94 ikiwa bado haijabadilika saa hiyo, isogezwe, na faili liwe na maelezo ya kweli ya yaliyofanyika siku zile tatu.

Barua ya chuo kwa CBP ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema Dkt. N. ni nani, namba yake ya SEVIS ni ipi, aliingia lini na kwenye uwanja gani, rekodi inasema nini na inapaswa kusema nini. Haikumlaumu ofisa, wala haikueleza jinsi utafiti wake ulivyo muhimu kwa dunia. Alibeba nyaraka halisi: pasipoti, DS-2019, risiti ya SEVIS, barua ya mwaliko, pasi ya ndege, na nakala ya I-94 yenye kosa.

Kabla hajaondoka aliambiwa jambo moja zaidi: akiulizwa kama amefanya kazi, aseme alichofanya hasa, siku kwa siku.

Matokeo

Jumatano ofisa wa CBP alimuuliza mambo matatu: alionyesha karatasi gani dirishani, alikuwa na DS-2019 mkononi siku ile au aliipata baadaye, na amefanya nini tangu afike. Alijibu kwamba fomu ilikuwa kwenye mkoba lakini hakuitoa, na akaeleza mafunzo ya usalama yasiyo na malipo. Ofisa alitazama tarehe ya sahihi kwenye DS-2019 na namba ya SEVIS iliyochapwa kwenye viza, akaona zinalingana. Akakata yale maandishi ya kalamu, akaandika J-1 na D/S, akatia herufi za jina lake pembeni. Ilichukua kama dakika 40. Tovuti ilionyesha rekodi mpya Alhamisi jioni.

Ijumaa tarehe 13, saa tano na dakika arobaini asubuhi, chuo kilithibitisha kufika kwake kwenye SEVIS. Hata hapo kulikuwa na kikwazo cha mwisho: anwani. Alikuwa ameandika anwani ya idara. SEVIS hutaka mahali mtu analala, si ofisi wala sanduku la posta. Ikaandikwa ya chumba cha muda, naye akaonywa kwamba akihama ana siku 10 za kuiarifu ofisi. Alihama tarehe 21 na kuarifu siku ileile.

Mshahara ulianza tarehe 16 badala ya 9. Wiki moja ikapotea.

Hasara nyingine zilijikokota nyuma ya ile kubwa. Jumatatu hiyohiyo ya tarehe 16, mara baada ya I-9, alikimbilia ofisi ya Hifadhi ya Jamii (Social Security) kuomba namba yake. Alikuwa na kila kitu, pamoja na barua ya mdhamini, na maombi yalipokelewa. Lakini uthibitisho wa SEVIS ulikuwa na siku moja ya kazi, na I-94 ilikuwa imebadilishwa wiki iliyotangulia. Mifumo ya serikali ilikuwa haijaonana. Maombi yakaingia kwenye uhakiki wa mkono. Kadi ilifika tarehe 21 Oktoba. Angesubiri hadi Alhamisi huenda angeipata kwa wiki mbili hivi. Kwa bahati, sheria haimzuii mtu kufanya kazi na kulipwa huku namba ikisubiriwa, na benki aliyoichagua ilimfungulia akaunti kwa pasipoti na uthibitisho wa anwani.

Kisha makato. Mtafiti wa J-1 ambaye bado si mkazi kwa hesabu za kodi, kwa kawaida katika miaka yake miwili ya kalenda ya mwanzo, hakatwi michango ya Hifadhi ya Jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee), ambayo jumla yake ni asilimia 7.65. Dkt. N. alikatwa. Malipo ya kila wiki mbili yalikuwa dola 1,800, na mara mbili mfululizo zilipungua dola 137.70, jumla 275.40. Sababu: dodoso la kodi ambalo lingemtambulisha kuwa si mkazi lilitumwa kwenye kile kisanduku kilichojaa, na mfumo wa mishahara usipopata jibu humchukulia mtu kuwa mkazi. Zilirudishwa Novemba. Kodi ya mapato yenyewe alikatwa kihalali, kwa kuwa nchi yake haina mkataba wa kodi na Marekani. Wengi hudhani J-1 ni msamaha wa kodi zote, na sivyo.

Bima lilikuwa pengo lisilozibika. Aliyokuja nayo ilikuwa ya safari, yenye kikomo cha dola 50,000. Kanuni za J-1 hutaka angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kumsafirisha mgonjwa, 25,000 za kurudisha maiti, na sehemu anayobeba mwenye bima isizidi dola 500 kwa kila ugonjwa au ajali. Mshauri alimnunulisha bima ya kuziba tarehe 10 Septemba hadi ya mwajiri ilipoanza Oktoba. Siku 12 kati ya 29 Agosti na 9 Septemba hazikuweza kurudishiwa nyuma. Zimebaki hivyo kwenye faili, na maelezo yake.

Uchambuzi

Kilichookoa kisa hiki ni karani wa utumishi aliyeangalia I-94 badala ya kuridhika na viza. Makarani wengi huona viza ya J-1 yenye picha na rangi, wakaandika "J-1" na kuendelea. Angefanya hivyo, B-2 ingegunduliwa wakati wa kuomba namba ya Hifadhi ya Jamii, baada ya tarehe 14 na baada ya malipo ya kwanza. Wakati huo yangekuwa matatizo mawili, yote ya kisheria.

Cha pili ni kuacha tarehe ya mwanzo mahali pake, ingawa uamuzi huo ungeweza kuharibika. Ulitegemea ofisi ya CBP kukubali kwa safari moja. Lau ofisa angesema kwamba mgeni aliomba mwenyewe kuingia kama mtalii na hivyo hakuna kosa la kusahihisha, mlango ungefungwa, na siku tatu za maabara zingekuwa mfupa kooni. Hapo ndipo ukweli wa Dkt. N. ulipofanya kazi: maelezo yake, barua ya chuo na kumbukumbu za mafunzo vilisema jambo moja.

Kuhusu kosa la dirishani, ni rahisi kumlaumu ofisa, na rahisi zaidi kumlaumu mgeni. Sisi tunauona mzizi kwenye maneno. Mgeni wa aina hii aseme yeye ni mtafiti wa J-1, ataje chuo, aseme programu ni ya miezi mingapi, na wakati anasema hayo DS-2019 iwe tayari juu ya kaunta, pasipoti ikiwa imefunguliwa kwenye viza ya J-1. Asingoje kuombwa. Mwenye B1/B2 ndani ya pasipoti ileile azingatie hili mara mbili. Ajabu ni kwamba aliyesahau DS-2019 kabisa huweza kuwa salama kuliko Dkt. N.: ofisa akijua huyu ni J-1 asiye na fomu, anaweza kumpa I-515A na siku 30 za kuleta karatasi, naye anaondoka akijua ana deni. Dkt. N. aliondoka akidhani hadaiwi.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, lilikuwa la chuo. Karatasi ya kukaribisha wageni ilikuwa na mambo 14 yaliyopangwa kwa namba, na kukagua I-94 kulikuwa la tisa, baada ya kadi ya basi na kadi ya maktaba. Kuripoti kwenye mfumo kulikuwa la kumi na moja. Mtu anayesoma orodha hiyo akiwa na uchovu wa saa ishirini za safari atanunua kadi ya basi kwanza, na nani atamlaumu? Mambo hayo 14 hayana uzito sawa. Muhuri na I-94 hutangulia. Kuripoti kwa ofisi hufuata, na bila I-94 sahihi hakukamiliki. Uthibitisho wa SEVIS hutegemea kuripoti. Namba ya Hifadhi ya Jamii, leseni ya udereva na mengine ya serikali hutegemea SEVIS. Kadi ya maktaba haitegemei chochote.

Halafu barua pepe. Kisanduku kimoja kilichojaa kilichelewesha kuripoti na kikasababisha makato ya kodi. Mgeni aliye safarini hana uhakika na anwani ya kazini kwake, na ofisi inayotuma barua tatu zikarudi bila mtu kuona haijawasiliana na mtu. Ofisi hii sasa huomba anwani ya pili na namba ya WhatsApp, na barua ikirudi, mtu hupiga simu. Mwaliko wa profesa nao umeongezwa sentensi moja: mabadiliko yoyote ya tarehe ya kufika yaandikwe kwa ofisi, nakala kwa profesa.

Lipo jambo dogo la maabara ambalo halikuhusiana na uhamiaji lakini lilikula siku nne. Maabara ilitaka kipimo cha kifua kikuu, na kliniki ikamchoma kile cha ngozi. Mkono ukavimba milimita 12, ikasemekana apigwe picha ya kifua. Aliyechanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, kama tulivyo wengi wetu, anaweza kuvimba bila kuwa na maambukizi. Kipimo cha damu cha IGRA hakiathiriwi na BCG; alipofanyiwa hicho kilitoka hasi. Anayekuja kutoka kwetu akiombe hicho tangu mwanzo.

Familia ilifuata Desemba, mume na mtoto, kwa J-2, viza ya familia ya mtu wa J-1, kila mmoja na DS-2019 yake. Mume alikuwa ameambiwa asitoke kwenye ukumbi wa mizigo kabla ya kusoma mihuri, kwa sababu eneo lile bado liko chini ya CBP na kosa linaweza kurekebishwa palepale. Alisoma wakati mkanda wa mizigo ukizunguka. Wake ulikuwa J-2, D/S. Wa mtoto wa miaka saba ulikuwa J-1. Alirudi kaunta akiwa na fomu zote mbili mkononi. Ofisa alicheka, akakata, akaandika J-2. Walipogeuka, mizigo yao ilikuwa bado haijatoka.